Taa Usiyoweza Kuitikisa

Mwape mwanangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na mbili. Nimezika injini tatu za mutumbwi, kipindupindu mara mbili, vita ile ya ng'ambo ya ziwa, iliyotutoa Kilwa ya Kongo na sufuria kichwani, kiboko mumoja aliyenipindua na akafa mbele yangu, pesa za falanga za namna nyingi zilizokufa zingali mupya mu mufuko wangu, na waganga wote walioapa sitafika sitini. Wao wako mu udongo. Miye niko hapa Nchelenge, ninaandika.

Naandika kwa mukono wangu mwenyewe. Mama yako alitaka kuita mwalimu aje kuandika vizuri, nikakataa. Masomo niliyopata kwa mapadri kule Kilwa yananitosha, na Kiswahili changu njo kile tulichoongea weye na miye tangu unanyonya. Kibemba ni cha mama yako, Kiingereza ni cha shule, hiki ni chetu. Ukiona herufi kubwa kama ng'ombe, ujue ni zangu, usicheke.

Mambo ya kula, ya kufunga mulango, ya wanaume wenye magari, mama yako ameyasema tangu asubuhi, na kesho mbele ya basi ataanza tena. Mimi sina neno humo. Neno langu ni la siku ya Mungu, Jumapili ile.

Siku ya Mungu tulikuwa tunakula bukari, ukasema kampuni ya taa imekuchukua, utakaa kwenye biro yao, ofisi ya ku Mansa, kupokea simu za wateja. Nikasukuma sahani. Nikasema mutoto wangu hatakula mukate wa watu wale. Ukaniuliza kwa nini. Nikajibu, "Juu miye nimesema." Mwape, lile halikuwa jibu. Hata kampuni yenyewe haikunipa kamwe jibu baya kuliko lile.

Ulipotoka kulia, mama yako hakunifokea. Alikuwa anasugua sufuria, akasema bila kugeuka, "Weye hukatazi safari juu ya kampuni. Unakataza juu unajua hakuna wa kumubariki. Na mujomba wake, aliyemufukuza ni weye."

Unajua desturi ya watu wa mama yako. Kwao mutoto ni wa upande wa mama. Baba anaweza kulipa shule, anaweza kujenga nyumba, anaweza kuwa muvuvi mukubwa kama mimi, lakini mutoto anapotoka kwenda mbali, ni mujomba anayemupulizia mate mu mikono na kumutaja kwa wakubwa waliokufa. Asipofanya, mutoto anaondoka kama mutumbwi usiofungwa kamba. Mujomba wako ni mumoja tu, ba yama Chola. Tulikuambia alihamia Puta kufuata samaki. Ulikuwa shuleni Kawambwa, ukaamini. Ulikuwa uongo. Ba Chola walihama juu yangu, na nitakuambia namna gani.

Umekua mu moshi wa taa za zamani, zile za mafuta, za kupampu. Bila taa hakuna chisense. Samaki wale wadogo kama kucha hawaji juu ya chakula, wanakuja juu ya mwangaza, usiku mwezi unapolala. Taa ile ya zamani ilikuwa na ubaya mwingi. Kioo kilipasuka na tone moja la mvua, ilitoboa shati, iliunguza vidole mpaka leo sisikii joto la chai. Lakini ilikuwa na jambo moja. Uliishika karibu na sikio, ukaitikisa. Chwa-chwa-chwa, kuko mafuta, kaa uvue. Chwa moja tu, funga nyavu, rudi nchi kavu. Hakuna aliyeweza kukudanganya. Taa ilisema yenyewe, na ilikuambia weye mwenye kuishika.

Halafu kampuni ikaleta taa za batri. Sanduku jeupe, limefungwa pande zote, hakuna screw. Unalipa kidogo kidogo kwa simu. Walikuja soko la Kashikishi na muziki, kijana wa shati la buluu akauliza nani ni muvuvi mukubwa wa hapa. Watu hawakufikiri mara mbili. "Ba Shi Mwape!" Njo miye, baba wa Mwape. Akanipandisha juu ya meza ya muuza sukari, akanipa taa mukononi. Mwangaza wake, mwanangu, ulikuwa kama mutu amefungua mulango wa mbingu. Nikapiga kelele, "Bandugu, hii taa njo itanizika!"

Mujomba wako alikuwa chini, amesimama na mikono nyuma, vile anavyosimama kanisani.

"Kijana," akasema, "batri iko mule ndani, itaishi miaka ngapi?"

"Mingi, mukwai," kijana akajibu kwa heshima.

"Mingi ni ngapi? Zile mulizouza kwanza ku ziwa la Bangweulu, leo ziko namna gani?"

"Hiyo kampuni inajua, mukwai. Iko mu kompyuta."

"Basi leta kompyuta tuone."

Kijana akaniangalia miye. Na miye nikamusaidia. Nikasema kutoka juu ya meza, "Mulamu, unanunua taa ao unaoa? Hata mukwe wako hakukuuliza mambo mengi vile!"

Soko lilicheka mpaka mama mumoja akamwaga dishi lake la chisense. Ba Chola hawakucheka, hawakukasirika. Waliangalia lile sanduku, wakasema, "Siwezi kuitikisa," wakaenda zao. Wengine wote walinunua. Walinunua juu ya mudomo wangu, Mwape. Kampuni haikunilipa hata sabuni. Nilifanya bure, kwa utamu wa kusimama juu.

Mwaka wa kwanza tulivua kama wafalme. Mvua za mwaka wa pili, taa yangu ikaanza kuwa manjano mbele jogoo hajawika, kama macho ya mutu mwenye malaria. Baadaye ikawa manjano kati ya usiku.

Sasa nikuambie kitu cha wanaume wa ziwa hili, juu kule ofisini hawatakufundisha. Muvuvi haambii mutu kwamba taa yake inafifia. Ukisema, wenye taa nzima watakuja kutega karibu na weye, samaki wako wahamie kwao. Na mbaya zaidi, watasema umefungwa, mutu amekufunga taa kwa dawa, na muvuvi aliyefungwa hakuna anayetaka kupanda mutumbwi wake. Basi unanyamaza. Asubuhi mukirudi, mwenzako anauliza, "Taa?" Unajibu, "Inaunguza macho! Yako?" "Yangu? Nilivaa kofia!"

Nilianza kutega mbali, nyuma ya kisiwa cha Chisenga, watu wasione manjano yangu. Maji ya kule si ya kuchezea. Niliona na wengine wamehama mahali pao pa zamani, kila mumoja peke yake mu giza lake, nikasema moyoni, hawa wamepata samaki kule, wananificha. Kumbe kila mutu alimukimbia mwenzake kwa haya ile ile. Ziwa lilikuwa kama harusi ambayo kila mugeni anakula nyuma ya nyumba.

Mutu mumoja tu taa yake ilifika asubuhi. Ba Chola, na taa yake ya mafuta yenye moshi. Aliyechekwa sokoni sasa alirudi na mutumbwi umelala mu maji juu ya uzito wa samaki. Na miye baba yako, mukubwa wa kivuko, nilirudi na dishi moja.

Kichwa changu kikafanya hesabu yake. Nilimucheka mbele ya watu, taa yangu imefungwa, yake inawaka. Nani mwingine?

Nikamufuata kwenye muchanga wa kuanikia, mama yako yupo, mama wote wa chisense wapo. Nikasema, "Mulamu, fungua taa yangu."

"Sijaifunga, ba Shi Mwape."

"Yako inawaka namna gani?"

Akachukua taa yake, akaninyoshea. "Itikise. Usikie kama kuko kitu ndani isipokuwa mafuta."

Nikasema, "Sitashika kitu cha mulozi."

Neno lile, kumuita mutu muchawi, ukilitoa kwenye ziwa hili, halirudi mu kinywa. Mama yako alijifunika kichwa na kitenge. Wiki ile wanunuzi wa ng'ambo, watu wangu wa Kongo, walipita muchanga wa ba Chola bila kusimama. Mke wake akaenda kuchota maji, wenzake wakaondoa ndoo zao. Mwezi haujafika mwisho, walibomoa paa, wakapakia mabati kwenye mutumbwi, wakaenda Puta. Mama yako alisimama mu maji mpaka magotini, akiangalia. Miye nilikuwa nyumbani, natengeneza nyavu ambazo hazikuwa na tundu.

Ba Chola waliondoka, na taa haikupona. Ikafa kabisa. Njo nikaipakata nikaenda kwenye kibanda cha kampuni karibu na kivuko, tayari kupigana.

Ndani kulikuwa musichana, umri wako, nywele zake zimesukwa vizuri. Jina lake Bupe. Akaandika namba ya taa kwenye kompyuta, akaangalia.

"Ba tata, batri yenu imechoka."

"Imechoka tangu lini?"

"Inaonekana tangu mvua zinaanza. Taa inatuma habari yenyewe, kwa laini iliyo ndani."

"Ngoja. Taa yangu inakuambia weye habari zake, na miye ninayeketi nayo mu giza hainiambii?"

"Njo vile, mukwai."

"Na za wengine?"

"Ya mutu mwingine siwezi kuwaonyesha, ba tata. Ile ni yake."

Pale alisema vizuri, na hata kwa hasira niliona amesema vizuri. Nikasema, "Sitaki jina la mutu. Nataka kujua kitu kimoja. Ni yangu peke yake?"

Akaangalia mulango. Akasema polepole, "Zote za ule muzigo wa kwanza ziko vile."

Mwape, nilikaa chini. Zote! Mulozi gani ana nguvu ya kufunga muzigo muzima wa taa, toka Nchelenge mpaka Chienge, na taa nyingine bado ziko mu katoni? Mu skrini ile, inchi chache toka pua yangu, kulikuwa dawa ya ugomvi wangu wote. Ilikuwa pale tangu mvua zinaanza. Mbele ya mabati ya mujomba wako kushuka.

"Kwa nini hamukutuambia?"

"Hakuna mutu aliuliza, ba tata. Na sisi tumekatazwa."

"Geuza hiyo skrini nione."

"Watanifukuza kazi."

Hapa sasa usikilize, juu njo jibu la siku ya Mungu. Nilipiga meza yake mpaka kalamu zikaanguka. Nilimuita mwizi, mutoto wa mwizi. Nilimutaja mama yake, nisiyemujua. Yule musichana alikuwa amenipa kile ambacho wakubwa wake wote walinificha, alikihatarishia kazi, na miye nikamulipa vile. Akalia bila sauti, akiokota kalamu. Baadaye nikasikia wamemuhamisha Mansa, nikajisifu kwenye kivuko kwamba nimemutoa. Nilifurahi kama mutu aliyepiga mbwa wa tajiri, akasema amepiga tajiri.

Uliposema utakaa kwenye kiti kile, nilikuona weye unaokota kalamu. Na nikamuona muzee mupumbavu mbele yako anapiga meza, na sura yake ilikuwa yangu. Sikuogopa kampuni, mwanangu. Niliogopa wateja wa namna yangu.

Lakini nisikuache ufikiri baba yako alifanya mabaya tu. Nilifanya na kitu ambacho muvuvi mwingine hakuthubutu, na mutu asikudanganye kwamba ni mwingine aliyeanza. Siku ya posho, Jumamosi, wote wapo kwenye muchanga, nilipanda juu ya mutumbwi uliopinduliwa nikasema, "Taa yangu imekufa."

Hata watoto waligeuka kuniangalia.

Kunda, unamujua, yule mujane wa mulango wa pili anayevuta tumbaku ya majani, akasema, "Unasema kweli, ao unataka tutaje zetu uje kutega karibu?"

"Kunda, na yako inakufa."

"Nani amekuambia?"

"Ni ya muzigo wa kwanza kama yangu. Zote zinakufa."

Kunda akavuta moshi, akautoa. "Inakufa? Yangu ilikufa zamani. Navua na kofia nyeupe, samaki wafikiri ni mwezi!"

Lo! Kicheko kile. Na baada ya kicheko, mumoja mumoja. "Yangu ni manjano." "Yangu inawaka ukiipiga teke." "Juu ya yangu nilimupiga muke wangu, nikasema ameiangusha." Huyo hakuna aliyemucheka.

Tulikwenda kwa kampuni sote, na mukubwa wa kijiji mbele. Hatukuomba taa mupya kwanza. Tuliomba kujua. Bosi alikuja toka Mansa, mutu wa adabu, tai shingoni na jasho, akasema habari za batri ni mali ya kampuni. Kunda akamuuliza, "Batri tumelipa siye, maji ni yetu, giza ni letu. Halafu habari ya giza letu ni yenu?" Bosi akacheka kidogo, akaandika kitu. Ilipita miezi, tulirudi, akaandika tena. Mwishowe walikubali nusu. Leo unabonyeza namba kwenye simu, taa yako inakujibu, batri imebaki kiasi gani na inazeeka namna gani. Hata leo, mbele ya kuanza barua hii, nimebonyeza namba ya taa yangu mupya. Imesema itanifikisha asubuhi. Ni kama nimeitikisa.

Nusu ingine bado wanaikalia kama kuku. Ile ya zote pamoja, taa ya namna gani inaishi na gani inakufa mapema, mutu ajue mbele ya kununua, hiyo hawajatoa. Basi tunajifanyia wenyewe. Siku ya posho kila mutu anasema ya taa yake kwa sauti, ya kampuni hii na ya kampuni ile, na anayetaka kununua anakuja kusikiliza. Watu wa Kafutuma wanatembea kuja. Wengine wamerudi kwenye mafuta, wengine wamechukua taa nyingine, wengine wamebaki. Mutu anachagua na macho wazi. Na hakuna tena anayetega nyuma ya Chisenga kuficha manjano.

Sasa kipande kigumu. Nimekizunguka tangu mwanzo wa barua, mama yako amepita mara mbili anauliza kama nimelala.

Toka siku ile ya Bupe nilijua ba Chola hawana kosa. Nilijua, na sikwenda Puta. Habari ile ilikuwa yake kuliko mutu yeyote. Iliweza kumurudishia wanunuzi, ndoo za muke wake, jina lake. Nilikaa nayo. Nilisema atasikia sokoni. Nilisema akitaka atauliza. Nilisimama mbele ya bosi na tai yake kudai changu, na cha mulamu wangu nimekikalia nyumbani, na maneno yangu yalikuwa yale yale ya kibandani: hakuna mutu aliuliza. Mwape, kampuni ilinishinda kitu kimoja tu. Yenyewe ilitoa nusu.

Basi juzi, baada ya mama yako na sufuria yake, nilipanda gari ya samaki mpaka Puta. Nilibeba jogoo na chumvi. Ba Chola walikuwa wanapaka lami mutumbwi. Hawakusimama.

"Umekuja kutikisa taa yangu?"

Nikasema, "Nimekuja."

Njia nzima nilitengeneza maneno, maneno makubwa, unanijua. Yakakimbia. Nikaona taa ile ya zamani imetundikwa kwenye nguzo. Nikaichukua, nikaitikisa karibu na sikio, mbele ya muke wake na majirani.

"Mafuta," nikasema. "Ni mafuta tu. Nilijua tangu zamani, mulamu, nikanyamaza."

Akaendelea kupaka lami. Nilifikiri amekataa. Halafu akasema, "Ulinyamaza weye? Basi ulikuwa mugonjwa." Muke wake akacheka ndani ya nyumba, halafu akalia, halafu akachukua jogoo. Ba Chola wakaniuliza, "Mutoto anaondoka lini?" Sikuwa nimemutaja mutoto.

Sikuambii kwamba amenisamehe. Hajasema, na mimi sijauliza. Puta njo kwake sasa, nyumba imesimama kule, kitu nilichovunja sikuweza kukijenga kwa chumvi. Lakini sauti unayosikia nje na mama yako, ile inayokohoa katikati ya kicheko, ni yake. Umeisahau, ukafikiri ni mugeni wa kanisa. Amekuja na gari ya jioni. Kesho mbele ya basi atakupulizia mate mu mikono, na utakuwa umefungwa kamba vizuri.

Enda, basi. Kula mukate wao, nimeondoa neno langu. Ila kwenye kiti kile nakuomba kitu kidogo. Mutu akipiga simu kuuliza ya taa yake, mupe yote, ni yake. Akiuliza ya jirani, mukatalie, kama Bupe. Na siku watakukataza kusema kitu, na watakukataza, wewe una kodi ya nyumba kama wengine, sikutumi ufukuzwe. Lakini usimuambie mutu "hakuna." Muambie "kiko, wamenikataza kukuonyesha." Mutu akijua kiko, atajua mahali pa kugonga. Sisi tulizunguka mu giza juu tulifikiri hakuna kitu cha kuuliza. Na wakikuita kwenye kikao kule, wakauliza wateja wanataka nini, usitaje taa mupya kwanza.

Na mutu akipiga meza, ujue labda hasira yake si yako. Labda kuko mabati ya mutu mahali yanashuka. Lakini usikubali akutajie mama yako.

Mufuko wako kesho nitaubeba miye mpaka kwenye basi. Wasiseme nimezeeka, mpaka leo hakuna kijana kwenye kivuko hiki anayeniweza kwa nyavu.

Haya yote mashahidi wapo. Ya soko na ya meza ya sukari, uliza mama yako, atacheka. Ya muchanga, uliza Kunda, lakini uliza mbele hajavuta. Ya neno baya na ya Puta, mwenyewe ni ba yama Chola, yuko nje, hajui kunipunguzia na hajui kuniongezea. Na ya kibandani shahidi ni Bupe. Mama yako ameulizia, bado yuko biro ile ile ya Mansa, labda kiti chake kitakuwa karibu na chako. Muambie weye ni mutoto wa yule muzee wa kalamu. Muulize nilisema nini siku ile, na umuache amalize. Akikuambia kitu ambacho hakimo mu barua hii, usimuamini baba yako, umuamini yeye.

Baba yako,
Ngoy, Shi Mwape, wa Kilwa na wa Nchelenge